Zamu ya Pili

Serikali ya Ireland ilikuwa haijapatikana bado, na uji wa Bi Nuala ulikuwa unapoa.

"Kula kwanza," Adela alisema, kijiko kikiwa hewani. "Hao watu hawaendi popote."

"Wataendaje, na hata kukaa hawajakaa?" Bi Nuala alijibu bila kuondoa macho kwenye tableti.

Tableti ilikuwa imeegemezwa kwenye boksi la shayiri, na ndani yake bunge la Dublin lilikuwa linapigiana kelele. Spika alisimama akaomba utulivu, hakuna aliyemsikiliza. Nje ya dirisha, theluji ya mwanzoni mwa Januari ilikuwa imegeuka jiwe kwenye maegesho ya Silver Spring, Maryland. Bi Nuala alitoka kwao akiwa msichana, akafundisha shule huku mpaka akastaafu, akazika mume, akazeeka. Lakini siasa za kwao alikuja nazo na hajazitua mpaka leo. Tangu uchaguzi wa Novemba alikuwa akiingoja serikali hiyo kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

Adela alikuwa amemhudumia muda wa kutosha kuijua hadithi. Vyama viwili vikubwa, Fianna Fáil na Fine Gael, majina yaliyomshinda kutamka mpaka akaacha kujaribu, vilitokana na watu wa upande mmoja waliogombana kuhusu mkataba na Mwingereza, wakauana wao kwa wao. Hiyo ilikuwa karne nzima iliyopita. Tangu hapo kimoja kikitawala, kingine kinanuna. Mama yake Bi Nuala alizikwa kaka zake wakiwa upande mmoja wa kaburi na mashemeji upande wa pili, wala hawakupeana mikono. Na sasa, kwa kuwa hakuna anayeweza kutawala peke yake, mahasimu hao walikuwa wanaungana tena kwa mara ya pili.

"Wamegawana zamu," Bi Nuala alisema. "Huyu anaanza kuwa waziri mkuu, yule anamalizia."

"Sasa leo wanagombania nini?"

"Kuongea! Viti vilipungua kidogo, wakawachukua wabunge wasio na chama. Sasa baadhi ya hao wanataka kuiunga mkono serikali, halafu muda wa kuongea wapewe pamoja na upinzani."

Adela alicheka mpaka kijiko kikatikisika. "Yaani wale na serikali, walalamike na wapinzani?"

"Kwenu hakuna watu wa namna hiyo?"

"Ninaye mmoja nyumbani. Ana miaka kumi na tano."

Simu yake ikaita. Jina kwenye kioo lilimfanya aweke bakuli chini. Baba Queen, mumewe, alikuwa hajampigia tangu kiangazi. Walikuwa wanaishi nyumba moja Germantown, yeye Adela juu, mume chumba cha chini kabisa kwenye besimenti, na ujumbe wao ulikuwa ukipanda na kushuka ngazi kwa mdomo wa mtoto.

"Mama Queen," sauti ya Dunstan ilisema, taratibu. "Mama kapata viza. Anakuja mwisho wa mwezi."

"Anajua kuhusu sisi?"

"Hajui kitu. Na presha yake unaijua."

Adela alitazama tableti. Spika wa Dublin alikuwa ameahirisha bunge, na watu wazima waliovaa suti walikuwa bado wananyoosheana vidole. Aliuchukua uji ule uliokwisha kuganda akaenda kuupasha moto upya.

*

Mkutano ulifanyika Bowie, nyumbani kwa Mwita, baba wa ubatizo wa Queen. Mwita alikuwa mtumishi wa serikali kuu, mwenye nyumba ya peke yake na nyasi zake, na alikuwa anapenda vikao kuliko mtu yeyote aliyepata kuzaliwa Tarime. Aliweka chupa ya chai katikati, akawakalisha wageni wake kwenye makochi mawili yanayotazamana, yeye akakaa kwenye kiti cha pembeni.

"Shemeji, kaka. Ajenda ni moja tu. Mama anakuja, na ninyi hamsemeshani."

"Tuliongea tukakubaliana mmoja ahame," Dunstan alisema. "Ila mimi siondoki. Ile nyumba nimeibeba mgongoni."

"Na mimi nimeibeba wapi?" Adela aliuliza. "Kwapani?"

Ugomvi wao haukuwa siri tena. Dunstan aliuza kiwanja chao cha Bunju bila kumwambia mkewe, ili kaka yake Elisante agombee udiwani, na Elisante akaangushwa kwenye kura za maoni za chama chake mwenyewe. Adela naye hakulia chumbani. Alisimama kwenye jumuiya ya Silver Spring, wanawake wote wakisikia, akayamwaga yote wakati wa maombi. Tangu siku hiyo Dunstan, dereva wa basi la kaunti anayesalimiwa na nusu ya Watanzania wa Maryland, alikuwa akiona kila anayepanda basi lake anajua habari za kiwanja.

Adela alikunywa chai yake. Alikuwa amefikiria njia nzima, kwenye foleni, taa nyekundu za magari zikiwa zimejipanga mbele yake.

"Tugawane zamu," alisema. "Mama akiwepo, wewe ndiye mwenye nyumba. Kichwa cha meza, sala, kuamua, kila kitu. Sitakupinga mbele yake hata kwa jicho. Mama akirudi nyumbani baada ya Pasaka, zamu yako imekwisha. Unahama. Nyumba nabaki mimi na Queen mpaka amalize shule."

Mwita alikuna kidevu. "Hii umeitoa wapi, shemeji?"

"Kwa Waairishi."

"Waairishi!" Mwita alirudia kwa heshima, kama vile wamemtumia barua.

Dunstan alitazama zulia. Alikuwa mwanaume mkubwa wa mwili ambaye siku hizi alikuwa anakaa kama mtu aliyeazimwa kiti. "Sawa," alisema mwishowe. "Asante."

Baada ya hapo waligawana wizara. Dunstan atampeleka mama yake hospitali na kanisani. Jiko na kuogesha, Adela. Bibi atalala chumba cha Queen, Queen ashuke besimenti. Wazazi watalala chumba kimoja, Dunstan akiwa na godoro jembamba la sponji litakaloingizwa kabatini kila asubuhi. Hapo wote wawili walitazama pembeni, na Mwita akaona ni wakati mzuri wa kwenda kuongeza maji ya moto.

Queen alipopelekewa taarifa, alisikiliza akiwa amevua sikio moja la hedifoni. Kiswahili alikielewa chote. Kukijibu ndiyo hakutaka.

"Fine. But I keep the TV down there," alisema. "And I get to say it's weird."

"Hicho kioja utakisema kwetu," Adela alisema. "Siyo kwa Bibi."

"I get to say it a lot."

Adela aliwakumbuka wale wabunge wasio na chama, akakubali.

*

Mama Elisante alitoka uwanja wa ndege wa Dulles akiwa ndani ya kiti cha magurudumu, kofia ya sufu kichwani na kanga mbili juu ya koti, akiangalia huku na huko kama mkaguzi. Dunstan alimshika Adela mkono kwa ajili ya macho ya mama yake. Mkono wenyewe ulikuwa umejaa jasho. Queen aliyekuwa amejiandaa kununa alimkumbatia bibi yake akalia, bila kupanga.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

"Ni kazi, Mama."

Ilikuwa kazi kweli. Adela aliondoka nyumbani kukiwa giza, akaburuzana na magari kwenye barabara ya 270, akafika Silver Spring kumwogesha Bi Nuala, kumvalisha, kumlisha na kumsikiliza. Jioni aliburuzana tena kurudi, akamkuta mama mkwe kwenye kochi, akamwogesha, akampaka mafuta, akampikia mtori usiowekwa chumvi nyingi. Kuogesha mara mbili kwa siku, migongo miwili ya kizee, na mgongo mmoja tu wa kuwainamia wote. Huko kazini walau alikuwa analipwa, na Bi Nuala hakumuuliza kwa nini hajapata mtoto wa pili.

Mezani mambo yalikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Dunstan alisali kwa sauti nzito. Adela alimimina chai.

"Nikuongeze, Baba Queen?"

"Asante sana, Mama Queen."

"Karibu."

"Chapati tamu. Asante."

"Asante kwa kushukuru."

Mama Elisante aliinua macho kutoka kwenye kikombe chake, akawatazama mmoja mmoja, kisha akarudisha macho kwenye chai. Queen alijifanya anakohoa.

Jumapili walikaa benchi moja kanisani, Dunstan amebeba mkoba wa mama yake mapajani. Wanawake wa jumuiya, walewale waliosikia habari za kiwanja, waligeuka mmoja baada ya mwingine kama alizeti. Misa ilipokwisha, Flaviana, kiongozi wao, alimkumbatia Adela mbele ya watu akambana kwa nguvu.

"Mungu ni mwema, dada! Mmerudiana! Tulikesha tukiwaombea!"

Adela angefanya nini? Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale, ametega sikio. "Amina," alisema. Ndani ya gari mama mkwe hakuuliza mmerudiana kutoka wapi.

*

Mwezi wa tatu bunge la Dublin lilichafuka tena kwa jambo lilelile. Safari hii serikali ilikuwepo, waziri mkuu wa zamu ya kwanza alikuwepo, lakini suala la wasio na chama na muda wao wa kuongea lilikuwa halijafa. Bi Nuala alitukana kwa Kiairishi, lugha aliyokuwa anaihifadhi kwa kazi hiyo.

Adela alikuwa anakunja mashuka. "Hivi ile mara ya kwanza walipoungana," aliuliza, "zamu ilipofika, yule wa kwanza alitoka kweli?"

"Alitoka. Mwezi wa Desemba, mchana kweupe. Mimi nilikuwa nimewekeana dau na jirani kwamba hatoki. Nikaliwa chupa ya wiski."

"Kwa nini ulidhani hatatoka?"

"Namjua mtu akishakaa. Kiti kinapata joto lake, anadhani kilitengenezwa kikiwa na joto."

"Sasa kilichomtoa nini?"

Bi Nuala alipunguza sauti ya tableti. Macho yake yalikuwa yamefifia lakini hayakuwa yamepumbaa. "Asingetoka, serikali ingeanguka, wote wangeumia. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kupoteza. Huyu wako anapoteza nini?"

Adela hakuwa amemwambia chochote. Alikunja shuka moja mara mbili zaidi ya ilivyohitajika, na jibu hakulipata.

*

Lilimpata yeye Jumapili, mchana, nyama choma ikiwa bado mezani.

"Nina habari njema," Dunstan alisema. Zamu ilikuwa imemkaa. Mabega yalikuwa yamenyooka, amenyoa ndevu, hata kikohozi chake kilikuwa cha baba mwenye nyumba. "Mama haondoki Pasaka. Paspoti imegongwa miezi sita. Nimeshabadilisha tiketi mpaka mwezi wa saba. Mama Queen ndiye aliyeomba. Kasema nyumba itakuwa tupu bila Mama."

Mama Elisante alikuwa anamtazama Adela. Presha ile.

"Ndiyo, Mama," alisema, na tabasamu lake likamuuma mashavu. "Karibu sana."

"Wow," Queen alisema. "That's really weird." Alichukua sahani yake akashuka nayo besimenti.

Chumbani, Adela alifunga mlango akaegemea. Alilazimika kuongea kwa sauti ya chini, ukuta wa pili ulikuwa wa mama.

"Tulikubaliana nini, Baba Queen?"

"Tulikubaliana Mama akirudi. Sasa hajarudi."

"Usinifanyie usanii! Umeirefusha zamu yako, umenitwisha mimi!"

"Mambo si yanakwenda? Hatugombani. Tunakula pamoja. Tumezoea."

"Umezoea wewe. Mimi nimechoka. Nimechoka, Dunstan, mpaka kucha." Hakuwa amemwita jina lake tangu ndoa ikiwa changa. "Na mwezi wa saba utasema nini? Utamwombea na makaratasi ya kukaa?"

Dunstan aliketi pembeni ya kitanda ambacho hakuwa akikilalia. Hasira yake haikuja. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi.

"Kule chini nilikuwa mpangaji," alisema. "Mtoto anapita ananiambia 'hi', kama namuuzia kitu. Sasa hivi nikiingia naitwa baba. Ni wiki hizi tu, Mama Queen. Unataka nirudishe na hizo?"

Adela alimhurumia, akachukia kumhurumia. "Uliahidi mbele ya Mwita," alisema.

"Basi kamwambie Mama. Mwambie, halafu presha ikimwangusha, itakuwa mkononi mwako. Wewe si ndiyo kazi yako, wazee?"

Alisimama akaenda kuosha gari ambalo lilikuwa limeoshwa jana yake. Adela alibaki akilia kimyakimya, taulo limeziba mdomo, kwa kuwa nyumba aliyokuwa anaipigania haikuwa na pembe hata moja ya kulilia.

*

Kesho yake alikuwa na siku ya mapumziko. Dunstan alikuwa kwenye basi, Queen shuleni. Jua la kwanza lenye maana lilikuwa limeingia sebuleni, na Mama Elisante alikuwa amenyoosha miguu juu ya stuli, Adela kwenye zulia akimpaka mafuta kisigino.

"Adela."

Mama mkwe hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alikuwa Mama Queen, au mwanangu.

"Abee, Mama."

"Ni kweli wewe ndiye uliyeomba nibaki?"

Adela aliinuka bila kujibu. Alikwenda kuleta kipimo cha presha, akamfunga mama mkwe mkanda mkononi, akabonyeza, wakangoja wote wawili mashine ikinguruma. Alisoma namba. Zilikuwa nzuri kuliko zake mwenyewe.

"Sikuomba, Mama," alisema, mkanda ukiwa bado mkononi mwa mgonjwa. "Kaomba yeye."

Alitazama namba tena kwa wasiwasi. Mama Elisante alicheka, kicheko kifupi cha puani.

"Nilijua. Siku ya kwanza tu mezani nilijua."

"Ulijuaje? Nani kakwambia?"

"Mnashukuriana." Mama mkwe alijifungulia mkanda mwenyewe. "Asante Baba Queen, karibu Mama Queen, asante kwa kushukuru. Mimi nimeishi na marehemu mzee wangu mpaka nimemzika, sijasikia asante ya chai hata moja. Alikuwa anasema sukari haitoshi, basi. Watu wa nyumba moja hawasemeshani kama makarani wa benki. Nikajiambia, hawa wameachana, wananichezea mchezo. Nikaamua kuutazama. Mnacheza vizuri."

Aibu ilimshika Adela, halafu kicheko, halafu machozi. Vyote vilimjia pamoja, akaficha uso kwenye kanga ya mama mkwe. Alimweleza yote: besimenti, Bowie, zamu, Pasaka. Mama Elisante alisikiliza bila kumkatisha. Lilipofika suala la kiwanja, alinyanyua mkono.

"Hapo ngoja. Kiwanja nilimwambia mimi auze."

Adela aliinua uso kutoka kwenye kanga.

"Elisante alikuja kwangu analia. Nikampigia Dunstan nikamwambia, kama ulinyonya ziwa langu, msaidie kaka yako. Nikamwambia na wewe usiambiwe, utakataa. Tangu wakati huo sijalala vizuri. Na huyo diwani wangu aliposhindwa aliniweka chumba cha uani, mkewe ananiletea chakula kwenye sahani ya bati."

Adela aliiokota chupa ya mafuta, akaigeuzageuza mkononi. Miezi yote ile, matusi yote yale yaliyoshuka ngazi kwa mdomo wa mtoto, na Dunstan hakulitaja jina la mama yake hata mara moja. Alimwona kwa upande mwingine kidogo. Lakini kile kilichovunjika hakikurudi mahali pake kwa sababu hiyo, na alishangaa jinsi alivyolijua hilo bila hata kujihoji.

"Angeweza kuniambia, Mama."

"Angeweza. Na wewe ungeweza kunyamaza kanisani. Haya." Mama mkwe alijiweka sawa kwenye kochi. "Ahadi ni ahadi. Pasaka ikipita ataondoka, nitamwambia mimi. Mtoto wangu hatakaa kwenye kiti cha mtu kwa kutumia presha yangu."

"Asante, Mama," Adela alisema. Kisha likamjia swali ambalo lilipaswa kumjia mapema. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Utarudi lini?"

"Tiketi si imebadilishwa?" Mama Elisante alimsogezea mguu wa pili. "Mimi Bowie sikuwepo. Sijakubaliana na mtu."

*

Dunstan alihama siku chache baada ya Pasaka. Mwita alikuja na gari la mizigo la kukodi, ingawa vitu vyenyewe vingeenea kwenye buti. Chumba cha wageni cha Bowie kilikuwa kimeandaliwa. Mama Elisante alikuwa ameongea na mwanawe mchana mmoja, mlango umefungwa, na aliyesikika ndani alikuwa mama peke yake. Dunstan alitoka humo macho mekundu, akaanza kukunja nguo zake siku ileile.

Queen alimsaidia kubeba godoro la sponji. Pale kwenye gari alimwambia baba yake kwa Kiswahili, kibaya lakini kamili, "Jumamosi uje unichukue. Usichelewe." Dunstan aliitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha alimgeukia Adela akamkabidhi funguo.

"Hukuwahi kuniambia kuwa ni Mama aliyekutuma uuze," Adela alisema.

"Ungemchukia."

"Nikakuchukia wewe."

"Mimi nina mgongo mpana." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Asante, Mama Queen."

"Asante na wewe, Baba Queen."

Walikuwa waungwana mpaka mwisho. Gari liliondoka, Mwita akiendesha polepole na kwa heshima, kama anasindikiza waziri.

Asubuhi iliyofuata Bi Nuala hakuwa amefungua tableti. Alikuwa anamtazama Adela akichanganya uji, na alimtazama muda mrefu.

"Walibadilishana?" aliuliza.

Adela aligeuka. Alifikiri kujifanya hajaelewa, akaona hana nguvu hizo. "Walibadilishana."

"Mchana kweupe?"

"Mchana kweupe."

"Vizuri. Na huyu waziri mkuu mpya, anajisikiaje?"

"Amechoka," Adela alisema. "Na wale waliomuunga mkono wamekuja na mizigo yao."

"Hao ndio huwa hawaondoki," Bi Nuala alisema, akafungua mdomo kupokea kijiko.

Jioni ile barabara ya 270 ilikuwa imesimama kabisa. Adela alifika nyumbani miguu imevimba. Viatu vya Dunstan havikuwepo mlangoni, na Adela aliangalia mahali vilipokuwa vinakaa, akasikia kitu kinachofanana na amani na kinachofanana na msiba. Queen alikuwa amerudi chumbani kwake juu. Bibi yake, aliyekuwa ameapa hawezi kushuka ngazi, alikuwa ameteremka besimenti na masanduku yake yote kwa sababu ya ile televisheni, na sasa alikuwa amepanda tena kuja kula. Alikuwa amekaa kwenye kichwa cha meza.

Adela hakuvua hata koti. Alichemsha chai, akamimina, akamwekea mama mkwe mbele.

Mama Elisante alionja. Alikunja uso.

"Sukari haitoshi."

Adela alisimama, mkono juu ya kiti. Kwa muda hakujua kama atapiga kelele au atacheka. Kisha alisukuma bakuli la sukari mpaka mbele ya yule bibi.

"Jiwekee."

Mama Elisante alijiwekea vijiko vitatu, akakoroga, akanywa. Hakushukuru. Adela alivuta kiti cha jirani yake, akakaa na koti lake, akajimiminia na yeye.